Ukuta Tuliousiriba Lumakanda

Waliniita kwenye kipaza sauti mara tatu na sikuwa pale. Tulikuwa tunamzika Mama Rispa huko Lumakanda, mwezi huu wa saba wenye matope, na jina langu lilikuwa kwenye karatasi ya programu, mtu wa nne kuzungumza: "Selina, kwa niaba ya kikundi cha kuku." Waliobaki wa kikundi hicho ni wachache, na mwenye nguvu bado ya kusimama mbele ya watu ni mimi peke yangu. Kabla yangu alisimama mchungaji, akasimama shemeji wa marehemu, akasimama mwalimu mmoja mstaafu, na wote waliimba wimbo mmoja: Mama Rispa ndiye aliyewaletea akina mama wa huku kuku wa kisasa, Mama Rispa aliwatoa wanawake jikoni, Mama Rispa hakujua kuchoka. Nilikaa chini ya hema, miguu ya kiti cha plastiki ikizama kwenye udongo, mkono wangu wa kushoto ukitetemeka kama unavyotetemekanga baridi ikiingia, nikingoja mtu ataje jina la Dorika. Hakuna aliyelitaja. Dorika alifia nyuma ya nyumba ya marehemu tuliyokuwa tumeipa mgongo, hata hatua hamsini hazifiki, na habari iliyobaki juu yake ni ile aliyoiacha Mama Rispa: msichana mvivu aliyeingiza jiko lenye moshi ndani akalala. Nilijua zamu yangu ikifika nitakuwa na mambo mawili tu ya kuchagua, kusifu au kusema. Nikainuka, nikamwambia jirani yangu naenda chooni.

Habari za wazazi wangu sitaziandika, hazina kazi hapa. Nilisoma mpaka darasa la sita, na mwandiko wangu mpaka leo umelala upande kama mahindi yaliyopigwa na mvua ya mawe. Ninaandika mwaka mmoja tu, mwaka niliokuwa na miaka kumi na tisa na kichwa kizima, na nitataja majina ya waliokosa, kwa sababu nimechoka kuwa sanduku la siri zao.

Kikundi kilijenga nyumba ya vifaranga nyuma ya boma la Mama Rispa, aliyekuwa mwenyekiti. Ilikuwa ya udongo na mabati, vyumba viwili, kila kimoja na mlango wake wa nje, na mlango mmoja wa kupitia kati. Chumba cha kwanza kilikuwa chetu, mimi na Dorika, tuliochaguliwa kwa sababu hatukuwa na watoto wa kutuita nyumbani. Mle ndani mlikuwa na kitanda kimoja cha kamba, magunia ya chakula cha vifaranga, jiko letu la kupikia, na harufu ambayo mtu akishaizoea anaanza kuona wengine ndio wananuka. Chumba cha pili kilikuwa cha vifaranga, maranda ya mbao yametandazwa chini, katoni zimezungushwa zisiwaache wajibanze kwenye pembe na kukanyagana, na katikati jiko la makaa. Aliyejenga alikuwa Mzee Chitechi, mtu mfupi mwenye jicho moja, na juu ya ukuta, chini kidogo ya mabati, aliacha nafasi ya upana wa kiganja, pande mbili zinazotazamana, akaipigilia waya kuzuia vicheche. Siku ya kukabidhi nyumba alituita sisi wasichana wawili, akanyoosha fimbo juu. "Mnaona hapa? Hii ni pua ya nyumba. Makaa yakiwaka yanakula hewa, hata kama hayana moshi. Mtu akiwaambia mzibe hapa, hata kama ni baridi namna gani, mwambieni aje azibe pua yake kwanza." Dorika alicheka mpaka akashika tumbo. "Mzee, na wewe ulijuaje kuna watu wenye pua mbili huku?" Mzee akamtazama kwa lile jicho. "Cheka tu, mukhana, binti yangu. Lakini ushike."

Tulishika. Kazi ya moto tuliijua kuliko tulivyojua nyimbo za kanisa. Jiko tuliliwasha nje, chini ya paa la kuni, tukangoja moshi uishe na makaa yapate weupe pembeni. Ndipo tukaliingiza, tukaliweka juu ya sinia la mchanga, maranda yamefagiliwa mbali, waya umezungushwa, na juu yake tunafunika chungu kikubwa kilichotobolewa, ili kifaranga mjinga asirukie motoni na joto litoke polepole. Joto hatukuwa na chombo cha kupimia. Tulipima kwa vifaranga wenyewe. Wakijikusanya chini ya chungu na kulia kwa sauti nyembamba, ni baridi. Wakikimbia mbali nacho, mabawa yamelegea, ni joto sana, unapunguza makaa. Wakitawanyika kila mahali, huyu anakula, yule analala chali kama mlevi, basi mambo ni mazuri, nenda ukanywe chai yako. Dorika aliwapa majina. Mmoja mnene aliyekaa karibu na chakula siku nzima alimwita mzee wa kanisa. "Angalia, ameshafika kabla ya ibada," alisema. Kundi la kwanza lilikua, likachukuliwa. Kundi la pili vilevile. Jioni tulikula obusuma, ndio ugali wetu, na mboga za kienyeji tukiwa tumekaa mlangoni, naye akawa anarudia neno moja: kundi la nne likikua, fungu lake litamtosha kwenda chuo cha Sigalagala kujifunza kushona. "Nitarudi nimevaa gauni la kujishonea mwenyewe. Wewe Selina utanipokea ukinuka kuku." Nilimwambia atarudi amejidunga sindano vidole vyote kumi. Tulikuwa na maneno ya hivyo siku nzima. Siku hizi nasahau kama nimetia chumvi kwenye sufuria, nasahau nimeacha nini dukani, na mwanamume aliyenioa alinirudisha nyumbani akisema ameoa mwanamke anayechemsha maji mpaka yaishe. Lakini yale maneno ya mlangoni sijasahau hata moja. Hiyo pia ni adhabu.

Mwezi wa saba uliingia na kundi la tatu la vifaranga. Lumakanda si kama Mumias, baridi yake inashuka mapema na kukaa. Mvua ilianza mchana, ikaenda siku nne bila kupumzika, na upepo ulipita juu ya ukuta, pale puani, ukishuka mpaka kwa vifaranga. Tulipoteza kumi na kitu. Tulijua dawa yake: tuliongeza makaa, tukashusha gunia moja jepesi upande upepo unapotokea, tukaacha upande wa pili wazi. Wakaacha kufa. Mambo yangeishia hapo. Ila Mama Rispa alipata habari kwamba wageni watakuja kutoka Kakamega mjini kuangalia kazi ya wanawake, na watakuja na Bwana Wekesa, yule afisa wa mifugo aliyetufundisha tangu mwanzo. Mama Rispa akaja kuizunguka nyumba, mikono nyuma, akatazama juu na uso ukamwiva.

"Hii ni nini?"

"Ni pua, Mama," Dorika akasema.

"Pua gani? Wageni watoke Kakamega waje waone nyumba ya wanawake ina mapengo kama mdomo wa mzee? Watasema tumeshindwa na ukuta?"

Mtu asiye wa kwetu hataelewa uzito wa maneno hayo. Kwetu mwanamume husimamisha nguzo na kupiga mabati, lakini ukuta ni wa mwanamke. Kuusiriba kwa udongo laini na samadi, ukateleza kama shavu la mtoto, ndiko kulikomwambia mpita njia ni mwanamke wa namna gani anakaa mle. Ukuta wenye tundu hausemwi kuwa ni wa fundi fulani. Utasemwa ni wa mama fulani, tena utasemwa kisimani. Dorika alijaribu. Alisema, "Mama, Mzee Chitechi alikataza pasizibwe." Mama Rispa alimgeukia kwa mshangao, kana kwamba mbuzi ndiye aliyezungumza. "Chitechi ni mwanamume. Anajua nini habari ya kuta?" Wanawake waliokuwa naye wakacheka, na Dorika akacheka pia, maana kilikuwa kichekesho kweli, na yeye hakuweza kuacha kichekesho kipite bure.

Siku moja kabla ya wageni, kikundi chote kilikuja. Wengine waliteka maji, wengine walikanyaga udongo, wengine walibeba samadi mbichi kwenye karai. Waliimba. Sijawahi kuona wanawake wakiwa na furaha vile kazini, na hilo ndilo linalonichosha zaidi nikikumbuka, kwamba palikuwa na furaha. Walisiriba kutoka chini kwenda juu, viganja vikizunguka, na kufikia jioni ukuta ulikuwa umefungwa mpaka kwenye mabati, pande zote mbili, na chini ya paa kukawa na urembo wa vidole, mistari minne minne imepinda kama mawimbi. Waliopita njiani walisimama. Mama mmoja akasema, "Hii hata mtu angekaa." Dorika akamjibu, "Sisi tunakaa, kwani sisi ni nini?" Wakacheka tena.

Wageni walifika kesho yake, mvua ikiwa imeshika. Mama Rispa alichinja jogoo wawili. Mtu wa kwetu anajua kwamba mgeni hapewi ingokho hivi hivi tu. Kuku ana vipande vyenye wenyewe, na firigisi ni ya mkubwa aliyeketi mezani, mwanamke haigusi. Mimi ndiye niliyepeleka sahani. Bwana Wekesa alikuwa ameshazungushwa nyumba ya vifaranga, ameingia, ametoka, na ninaapa kwa kaburi la Dorika kwamba nilimwona akiinua macho. Alitazama pale palipokuwa na pua, akamtazama Mama Rispa, akatazama wageni wake. Ni yeye aliyeniambia kwa kinywa chake, mwezi wa kwanza, kwamba nyumba ya vifaranga yenye moto ikifungwa inaua. Nikamwekea sahani, Mama Rispa akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Bwana Wekesa, hiyo ni yako," na Wekesa akachoma firigisi kwa kijiti cha meno. Akatafuna. Akameza. Akasema, "Mama, kuta zenu ni nzuri sana." Huyo ni wa pili. Wa kwanza ni Rispa, wa pili ni Wekesa. Nasikia amestaafu na anafuga kware. Namtakia afya, aishi akumbuke.

Wageni waliondoka saa tisa hivi mchana. Mlango wa vifaranga ulikuwa umefunguliwa na kufungwa siku nzima wakiingia watu na viatu vyao, vifaranga wamepigwa na baridi, wanalia ile sauti nyembamba. Tukaongeza jiko la pili. Lilikuwa lile la kupikia, lenye makaa yaliyobaki ya kuchemshia jogoo, mekundu safi, hayana hata uzi wa moshi. Nataka mtu yeyote atakayesoma hapa asimame kidogo: hayakuwa na moshi. Yale yaliyosemwa baadaye kwa wazee ni uongo. Upepo ulikuwa unaingia chini ya mlango wa nje wa kile chumba, tukasukumia gunia. Mama Rispa alikuwa ametutumia miguu na shingo kwenye bakuli. Tukaketi na vifaranga, juu ya gunia jingine, migongo ukutani kwenye udongo mbichi, tukala miguu ya kuku na kufyonza vidole, na kwa mara ya kwanza tangu mvua ianze tukapata joto. Dorika akasema, "Leo hata mimi ni mgeni kutoka Kakamega."

Vifaranga walianza kusogea. Hawakwenda kwenye chungu, hawakutawanyika. Walikwenda wote upande mmoja, pale mlangoni kwenye gunia, wakapandana midomo wazi. Kundi lenye joto hukimbia kila upande, likiacha duara tupu kuzunguka moto. Hawa walikwenda mahali pamoja. Tuliwaona. Tulikuwa na macho manne, na tulijua kuwasoma kuliko mtu yeyote Lugari nzima. Dorika akasema, "Wanaona joto, vuta jiko nyuma kidogo," nikavuta jiko nyuma kidogo. Walikuwa wanatafuta hewa. Walikuwa wanatuambia kwa lugha ile ile waliyotuambia miezi saba, sisi tukawajibu kuhusu jambo jingine. Kichwa kilikuwa kinanigonga, nikasema ni uchovu wa kupikia watu. Dorika akasema macho yake yamekuwa mazito, atajinyoosha kidogo, nimwamshe tukienda kuosha sufuria. Niliona chombo cha maji cha vifaranga ni kikavu. Nikakichukua, nikatoka kupitia chumba chetu. Kumbukumbu yangu inakatikia kwenye kizingiti. Wanawake waliorudia sufuria zao walinikuta nimeanguka kifudifudi, nusu ndani nusu nje, mvua inanipiga kisogoni, na chombo cha maji kikiwa bado mkononi. Mimi nilikohoa. Dorika walimtoa na hakukohoa. Vifaranga wote walikuwa wamelala pale kwenye gunia, rundo moja.

Walimzika nikiwa bado sijui kusema jina langu. Ulimi ulikuja baada ya wiki tatu, ukiwa mzito, na mkono wa kushoto haukurudi wote. Kabla ya hapo wazee walikuwa wamekaa, wameuliza, na Mama Rispa ameshajibu: wasichana waliingiza jiko kabla moshi haujaisha, kwa uvivu, na aliyekuwa na zamu ya jiko ni marehemu. Mama yake Dorika alikuja kunitazama kitandani, kwa mjomba wangu, ulimi wangu ukiwa umesharudi. Alikaa kwenye kigoda, amejifunika khanga mpaka kidevuni, akauliza kitu kimoja. "Selina, mwanangu aliingiza moshi?" Nilitazama pembeni. Alingoja kama mtu anavyongoja maji yachemke, kisha akaenda. Naye alishakufa.

Hapa ndipo ninapopaswa kumtaja wa tatu, na nimezunguka vya kutosha. Siku chache kabla ya mama huyo kuja, Mama Rispa alikuja na kapu. Alikuwa amenipikia kuku mzima, na mchuzi mzito wenye vitunguu, na ugali wa wimbi umefunikwa kwa kitambaa cheupe. Alinilisha kwa mkono wake kwa sababu wangu ulitetemeka. Alitafuta ndani ya mchuzi kwa kijiko, akatoa firigisi, akaniwekea mdomoni. Mimi, msichana wa miaka kumi na tisa, nilikuwa sijawahi kuionja maishani. "Kula, mwanangu," alisema. "Tena kila mtu anajua ni nani aliyefika juu kabisa siku ile tukisiriba. Sisi wengine ni wafupi. Lakini mimi sitasema." Ilikuwa kweli. Mimi ndiye mrefu. Nilisimama kwenye debe, Dorika akanishikia miguu nisianguke, nikasukumia udongo ndani ya waya wa Mzee Chitechi mpaka mwanga ukapotea, na ile mistari minne minne chini ya paa, iliyosimamisha wapita njia, ni vidole vyangu. Niliifurahia. Nilishuka nikarudi nyuma kuitazama. Basi nikatafuna firigisi. Ilikuwa ngumu kidogo, tamu. Nikameza, na nikanyamaza mpaka nywele zimekuwa nyeupe.

Sasa nirudi matangani. Sikwenda chooni. Miguu ilinipeleka nyuma ya boma, kwenda kuangalia kama ile nyumba bado ipo. Haipo. Mahali pake kuna nyumba ya matofali, nzuri, ya kisasa, madirisha ya waya juu juu kila upande, na kila dirisha limezibwa kwa gunia na karatasi ya nailoni, imepigiliwa misumari kwa uangalifu. Nilisukuma mlango. Joto likanipiga usoni, lile joto tamu. Linet, mjukuu wa marehemu, msichana wa miaka ishirini na kidogo, alikuwa amejificha mle asikae kwenye baridi ya hema. Amekaa juu ya ndoo, shuka mabegani, simu mkononi, majiko mawili mbele yake. Vifaranga wake, mamia, walikuwa wamekuja wote mlangoni, midomo wazi. Nilipofungua waliniangukia miguuni.

Niliokota jembe lililokuwa limeegemea ukuta, nikatoka, nikaingiza mpini wake kwenye dirisha la kwanza, nikang'oa. Msumari mmoja ukaruka. Nikaenda la pili. Mkono mbovu ulisaidia ulivyoweza.

"Anti! Anti Selina, unafanya nini? Watakufa na baridi!"

Nikang'oa la tatu.

"Anti, hata hakuna moshi! Si uangalie! Mimi huwasha jiko nje kwanza, kukhu marehemu alinifundisha."

Kwenye hema kipaza sauti kilikoroma, na kijana aliyeshika programu akaita: "Mama Selina wa kikundi cha kuku, tafadhali, dakika mbili tu." Watu walikuwa wameshaanza kugeuka, maana jembe na misumari havijui kunyamaza. Linet alishika kichwa, akajiegemeza kwenye fremu ya mlango.

"Kichwa kinakugonga?" nikamuuliza.

"Kidogo tu. Ni uchovu wa wageni."

"Macho mazito?"

Akanitazama. "Nani alikuambia?"

"Dorika."

Kipaza sauti kikaita jina langu mara ya pili, na ya tatu, kisha nikasikia wakimwita anayefuata. Mvua ilikuwa imeanza. Linet alisimama kizingitini, nusu ndani nusu nje, vifaranga wakipita kati ya miguu yake kwenda kwenye hewa, akaniuliza swali ambalo hakuna mtu wa ukoo huo aliyewahi kuliuliza.

"Dorika ni nani?"

Niliweka jembe chini.

"Toka nje kwanza," nikamwambia.